Taa ya Kabati Iliyonichongea

6 Februari

Mwanangu,

Salamu zikufikie wewe, mkwe wangu, na hao wajukuu wawili wasiopenda viatu. Huku tupo. Paa la jikoni limeacha kuvuja. Jirani yangu Redio anakusalimu, na kunong'ona bado hajajifunza. Kaka yako Mkubwa alipita Jumapili, akanywa chai, akatazama dari na kuta kama mtu aliyepoteza kitu juu huko, akaondoka bila kusema alichokitafuta.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne na ambaye mkono wangu umezoea mkasi kuliko peni.

Jana kwenye simu uliniambia, "Mama, mbona leo kabati umelifungua sana?" Kabla sijajibu, haraka haraka ukaniuliza kama mvua imenyesha. Mwanangu, jana nilikuwa peke yangu chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Nani alikuambia nimefungua kabati?

Nikaenda kumtafuta yule fundi wako wa taa, huyo wanayemwita Spana. Nikamkuta kwenye kibanda chake anatengeneza pasi. Nikamwuliza, "Fundi, ile taa uliyoniwekea inaona?"

Akasema, "Haioni, mama. Inahisi mlango na mtikisiko tu. Ukifungua inawaka, kisha inapeleka taarifa kwa binti yako."

"Taarifa ya nini?"

"Kwamba umefungua."

"Yaani mimi nikifungua kabati langu, anaambiwa mtu aliyeko mbali huko?"

Akacheka. "Ndiyo maana zinaitwa taa zenye akili, mama."

Nikamwambia akili ya namna hiyo sisi tunaiita umbea.

Mwanangu, uliposema utaniletea taa za LED za kabati nisipapase nguo gizani, nilifurahi mpaka nikamwambia muuza mkaa. Fundi alipokuja nilimtolea nguo zote na vitambaa vyote, nikavilaza kitandani. Akatoboa tundu nyuma kupitisha waya. Likaniuma tundu lile, lakini nikavumilia. Akabandika ule utepe wa taa chini ya kila rafu na kwenye ufito wa kutundikia. Alipofunga na kufungua tena, kabati likang'aa jeupe kama duka la mjini. Redio alikuja kutazama, akaita na wengine. Nilisimama pale kama bibi harusi. Kumbe nilikuwa nimesimama mbele ya askari uliyemweka katikati ya nguo zangu za ndani!

Hili nakuandikia, sikupigii. Kazi yako ni kupokea simu za wateja wenye hasira, na jana nilipokuja juu ulinipokea kama mteja. "Nakuelewa, mama, naomba utulie." Mimi sikununua kitu kwenu. Barua haiwezi kuniambia nisubiri kwenye laini.

Nijibu kwa mkono wako. Kwa nini?

Mama yako


25 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo. Mtoto mdogo ameng'oka jino la mbele na anatembea nalo mfukoni. Mume wangu amebadilishiwa zamu, tunaonana mlangoni tu, huyu anaingia huyu anatoka. Nimekupigia sana, hupokei. Mama Redio ananiambia simu umeizima, umeiweka ndani ya sufuria na kuifunika. Haya. Naandika.

Sikukusudia kukupeleleza. Unaishi peke yako, Mama. Mwaka jana uliteleza bafuni, na sisi tukajua baada ya mguu kuvimba, tena tukajua kwa Mama Redio. Ukiulizwa unasema "mimi mzima," hata ukiwa umelala chini. Nikaona taa hizi zitanisaidia. Asubuhi simu ikilia, nikasoma kwamba kabati limefunguliwa, najua Mama ameamka na anatembea kwa miguu yake. Hapo ndipo ninapopumua na kuanza kazi. Hicho tu ndicho nilichotaka.

Lakini haiishii asubuhi. Unafungua, unafunga, unafungua tena kabla sijamaliza kumsalimu mteja. Unakaa kidogo, unafungua. Mpaka jioni. Siku nyingine nakuwa na mtu kwenye laini analalamika, na simu yangu iko mezani inatetemeka, inatetemeka, na mimi simsikii tena yule mteja. Meneja ameshanionya.

Unatafuta nini, Mama?

Ukinijibu, nijibu na haya, ni soga tu ya mtu na mama yake. Siku unayoandika ni siku gani ya wiki? Huyu mwanangu mdogo aliyeng'oka jino alizaliwa mwezi gani? Na asubuhi ulikula nini?

Usikasirike. Fungua simu basi, hata kidogo.

Binti yako


18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mjukuu wangu asipoteze jino, aniletee nilione. Mkwe wangu ale vizuri, zamu za usiku zinakausha mtu. Redio anaumwa goti na mtaa mzima tumearifiwa.

Leo ni Jumatano. Asubuhi nimekula viazi na chai, kisha nikaosha sufuria. Sufuria ni ile yenye mkono uliolegea, kama nayo utataka kuiuliza. Mwanao mdogo alizaliwa mwezi wa saba, na mimi ndiye niliyeshikwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, wakati wewe umesahau hata jina la mumeo unamwita "wewe bwana, hebu toka." Nimefaulu? Au kuna karatasi ya pili?

Unadhani siyajui maswali hayo? Nilikuwepo daktari alipomwuliza bibi yako, mama yake baba yako, maswali hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo ya kubembeleza. Nilikuwa nimemshika bega. Wewe ulikuwa mtoto, umekaa kwenye benchi nje na peremende. Kumbe ndiko ulikofika na mimi. Hukuthubutu kuliandika jina la ugonjwa ule, ukalifungia kwenye soga.

Subiri, sijamaliza.

Taa zako zimeharibika. Zilikuwa nyeupe, wiki moja nikafungua kabati nikakuta zimegeuka njano, njano ya siagi. Nikasema labda ndivyo zinavyozeeka, hata mimi nimebadilika rangi. Nikachagua uzi, nikaendelea na kazi. Nilikuwa na mashati meupe ya wanafunzi, oda ya shule, kola na mifuko. Jumatatu mwalimu mkuu kaja nayo mwenyewe, kayabeba mikononi kama mtoto mgonjwa. Akaniuliza taratibu, "Mama, haya umeyashona mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Uzi ni wa njano." Redio akapaza sauti kutoka uani kwake, "Ni wa njano kweli, mimi nilidhani ndiyo mtindo!" Nilitamani ardhi inifungukie. Nimeshonea shule ile tangu wewe unavaa sketi yao, na hakuna shati langu lililowahi kurudi.

Na bado kuna lingine, na hili ndilo lililoninyima hamu ya kula.

Juzi wamekuja mume na mke, wastaarabu, wana futi ya kupimia. Wakasalimia, wakaingia, wakaanza kupima chumba changu. Mwanamke akamwambia mumewe, "Kitanda kitakaa hapa, hiyo cherehani ikiondoka."

Nikamwuliza, "Inaondoka inakwenda wapi?"

Akashtuka. "Kaka Mkubwa alituambia mama anahamia kwa binti yake. Samahani, mama ndiye wewe?"

Nikawapa maji ya kunywa, kwa kuwa kosa si lao, kisha nikawaonyesha mlango. Walipotoka nikakaa kwenye kiti cha cherehani mpaka chai ikapoa.

Sasa na mimi nina swali moja la soga. Ninahama lini? Maana mimi mwenyewe sijaambiwa.

Mama yako


7 Aprili

Shikamoo Mama,

Watoto wanakusalimu. Jino limepotea, tumelia wote. Barua yako nimeisoma bafuni, nimefungua maji ili watoto wasinisikie.

Nyumba, ndiyo, ni kweli. Nilimpigia Kaka, nikamwambia ninachokiona kwenye simu. Tukakubaliana uje kwangu, nyumba ipate wapangaji, panya wasije wakaivamia. Hatukukuambia. Tungekuambiaje, Mama? Ukiulizwa jambo unarusha maneno mpaka mtu anasahau alichouliza. Nilitaka nije mwenyewe nikueleze ana kwa ana. Kaka hakusubiri. Kwa hilo nimemgombeza.

Taa nazo, ni mimi. Hazikuharibika. Nilisoma kwamba mwanga wa njano unawatuliza watu wanaohangaika. Nikiwa hapa hapa mezani kwangu, kati ya simu na simu, nikazigeuza. Sikuwaza mashati. Sikujua hata kama unachagua uzi kwa mwanga huo. Kama ni kwa sababu yangu mwalimu mkuu amekuvunjia heshima, nisamehe.

Lakini na mimi nina hasira, Mama, na leo sitasema kwa sauti ya kazini. Umenijibu Jumatano. Umenijibu viazi. Umenijibu mpaka mkono wa sufuria. Swali moja tu ndilo hukuligusa: unafungua kabati kwa nini? Na hayo mashati, hata kama taa ilikuwa njano, uliyatoa nje, uliyapiga pasi, uliyakunja, uliyafunga. Mchana kweupe, kwenye jua, hukuona kwamba uzi ni wa njano?

Unasema nilikuwa mtoto kwenye benchi. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa nikirudi shule namkuta Bibi amesimama mbele ya kabati hilo hilo. Anafungua, anamwita Babu. Anafunga. Anafungua, anamwita tena. Nikimgusa ananiuliza mimi mtoto wa nani. Sasa simu ikitetemeka mezani, mimi sioni kabati. Naona mgongo wa Bibi. Halafu mgongo unageuka, na uso ni wako.

Siwezi kukaa mbali namna hii nikingoja siku utakayoniuliza mimi mtoto wa nani. Chumba kiko tayari. Nimekipaka rangi.

Binti yako


21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wajukuu wangu hawajambo? Mwambie mdogo jino lingine litaota, la mbele huwa haligomi. Goti la Redio limepona, sasa ni bega.

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nashika peni, hasira inanijaa, naiweka. Leo nitaandika hivyo hivyo na hasira zangu.

Bibi yako wewe ulimwona mgongo. Mimi nilimwona uso. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamchana nywele akidhani mimi ni dada yake. Akisimama mbele ya kabati nilisimama naye, nikamwambia Babu ametoka kidogo, atarudi. Akiniuliza nani kapika, nilimwambia ni yeye, akafurahi. Wala sikumfungia taa ya kumtangaza! Kwa hiyo ugonjwa ule naujua unavyoingia ndani ya nyumba na unapokaa. Yule mama alikuwa anatafuta mtu. Mimi natafuta uzi.

Sasa sikiliza, na usinikatize.

Taa yako inawaka mlango ukifunguliwa. Halafu mtu akitulia mbele yake bila kutikisika, inajizima. Mwulize Spana, ndivyo ilivyotengenezwa. Sasa niambie, mshonaji anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano anatikisika? Nikikaribia tu, pu, giza. Nafunga mlango, nafungua, inawaka. Nalaza uzi juu ya kitambaa nilinganishe rangi, natulia nitazame vizuri, giza. Nafunga, nafungua. Kuna siku nilijaribu kutikisa kichwa huku nashona ili isizime, Redio akaingia akaniuliza nacheza wimbo gani.

Wazimu wangu wote ndio huo.

Kazi niliihamishia kabatini kwa sababu hakuna mahali ndani ya nyumba hii penye mwanga kama ule. Nilivuta kiti hapo, sinia la nyuzi nikaliweka rafu ya chini, cherehani nikaisogeza mpaka ikagusa mlango. Ulinipa kiwanda, mwanangu, na wewe ukadhani umenipa kengele. Ulipokuja kuniuliza natafuta nini, ulikuwa umeshapata jibu na umeshampa kaka yako. Ndiyo maana sikukujibu. Nilisema kama ameshaamua, swali la nini?

Hilo ndilo nililojiambia. Lakini swali lako la jua halikunitoka. Nimekaa nalo tangu barua yako ifike.

Sikuona. Mchana kweupe, kwenye jua, sikuona. Jua ndilo baya zaidi kwangu siku hizi. Nikitoka nje kila kitu kinakuwa moshi mweupe, watu wanatembea ndani yake. Mtu akija mlangoni namjua kwa sauti. Wale mume na mke wa futi, siwezi kukuambia walivaa nini maana sikuona. Ulianza kama uchafu kwenye miwani, na mimi miwani sina. Taa yako nyeupe, ikiwa karibu na mkono, ndiyo peke yake iliyokuwa ikinirudishia rangi. Ukiwa huko mezani kwako ukaigusa kidogo kwa kidole, ukaninyang'anya.

Sikusema, kwa kuwa nilijua mtakalosema. Mama haoni, cherehani basi. Mama haoni, aje akae kwenye kochi la binti yake, aangaliwe, apewe chai, aulizwe siku za wiki. Na ninyi mkayasema hayo yote hata kabla sijafumbua mdomo! Bila cherehani mimi ni nani? Nimemsomesha nani kwa kazi ya mikono mingine? Ningekaa chumbani kwako nikisikiliza watoto wanakwenda shule na mashati yaliyoshonwa na mtu mwingine, na huko ndiko akili yangu ingepotea kweli.

Basi. Nimefanya mambo.

Spana amekuja, ameikata taa kutoka kwenye simu yako. Ameifanya nyeupe tena, na sasa haizimiki mpaka nifunge mlango. Kazi ya muda mfupi tu, tungeifanya siku ile ile kama ungeniuliza. Kwa hiyo simu yako ikinyamaza usidhani nimekufa. Nipo nafungua na kufunga.

Mashati nimeyafumua yote. Redio amekaa karibu yangu akinichagulia uzi, na amechagua kwa kelele kiasi kwamba mwalimu mkuu alipoyapokea alikuwa ameshasikia habari zake. Ameyashika kwenye dirisha, ameyageuza, amesema haya ndiyo ya mkono wangu.

Kaka yako nimemwita. Nimemwambia akirudi tena kutazama dari yangu aje na ngazi na rangi. Wapangaji awatafutie kwake. Alitaka kusema kitu, nikamwuliza leo ni siku gani ya wiki. Akakosea. Hilo nimelifurahia kuliko chai.

Na hospitali nimekwenda. Redio alinishika mkono njia nzima na kunitangazia kila shimo. Daktari ni binti mdogo kama wewe, amenimulika, amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Wataondoa la kulia kwanza, wiki ya pili ya mwezi ujao. Nilimwuliza kama nitashona. Akasema nitashona na nitawaudhi watu kwa kuona vumbi lao. Akaniuliza siku hiyo nitakuja na nani, lazima awepo mtu wa kunirudisha nyumbani. Redio akainua mkono kabla sijajibu. Nikaushusha. Nikasema nina binti.

Nimesema hivyo kwa sauti, mbele ya watu, na hasira zangu zote kifuani.

Basi njoo. Chumba ulichokipaka rangi wape watoto, wamekuwa wakubwa wa kulala peke yao. Usije na futi. Usije na kaka yako. Usiniletee taa nyingine. Bado nimekukasirikia, na utakapofika nitakuwa bado nimekukasirikia, tutakula huku nimekukasirikia na utalala kwenye kitanda nilichokutandikia kwa hasira.

Ukifika usiingie kimya kimya. Simama mlangoni, piga hodi kama watu, useme wewe ni nani. Nitasema karibu. Halafu usogee, usogee mpaka uwe karibu kabisa, utulie hapo. Nataka nikutazame kwa macho haya haya niliyonayo, kabla hawajayagusa.

Mama yako